Bandeji Iliyofunguliwa Mtaa wa Mahiwa

Ilikuwa Jumapili, tarehe 12 Aprili 1981, saa tisa na robo alasiri. Mvua ya masika ilikuwa imenyesha tangu alfajiri na sasa ilikuwa imepungua kuwa manyunyu. Magari ya watu binafsi hayakuruhusiwa barabarani tangu saa nane mchana, kwa amri ya serikali ya kubana mafuta. Kwa hiyo Uwesu alimpeleka mkewe hospitali kwa mkokoteni.

Ulikuwa mkokoteni wake mwenyewe, ule aliobebea magunia ya mihogo mikavu sokoni Kariakoo. Alikuwa ametandika godoro na kufunika kwa turubai. Zamzam alilala ubavu juu yake, mimba yake ikiwa ya miezi minane, uchungu ukiwa umemshika tangu Ijumaa jioni. Nyuma alitembea Bi Kuruthumu, mama yake Zamzam, ameshika mwamvuli ambao haukumkinga mtu yeyote. Kila gurudumu lilipoingia shimoni Zamzam alipiga yowe, na kila alipopiga yowe Bi Kuruthumu alimwita Mungu. Mkwewe aliyekuwa akisukuma hakumsemesha.

Uwesu na mama mkwe wake hawakuwa wamegombana. Wote wawili walitoka kijiji kimoja kusini mwa Lindi, na huko kwao mwanamume hasemi na mama wa mkewe zaidi ya salamu. Hakai naye mkeka mmoja wala hamtazami usoni, na mambo ya mwili wa mkewe hayatamki mbele yake hata kwa mafumbo. Tangu alipooa, Uwesu alikuwa amemwambia Bi Kuruthumu shikamoo asubuhi na jioni. Neno lolote zaidi ya hapo lilipitia kwa Zamzam. Siku ile Zamzam hakuweza kupitisha neno.

Hospitali ilikuwa ndogo, ya wazazi tu, huko Gerezani. Zamu ya Jumapili ilikuwa na watu wawili: Daktari Gaudens, mtu mwembamba wa Kibosho ambaye asubuhi ile alikuwa ametoka misani, na mkunga wake, Sista Mektilda, mwenyeji wa Peramiho. Walimwingiza Zamzam ndani. Bi Kuruthumu aliachwa kwenye benchi la nje. Daktari alimpima mgonjwa kwa mikono, akabonyeza kovu la upasuaji lililobaki tumboni tangu alipozaliwa Zamda, mtoto wao wa kwanza, na Zamzam akamng'ata Mektilda mkono. Daktari alimwita Uwesu kwenye ujia.

"Kichwa cha mtoto kimejaa maji," alisema. "Ni kikubwa kuliko njia, hakipiti. Na lile kovu la zamani linaachia. Likipasuka, mkeo atakufa kabla sijamaliza kunawa mikono."

Uwesu alimwomba ampasue, kama walivyompasua mara ya kwanza. Daktari alimweleza kwamba dawa ya usingizi ilikuwa imekwisha na haikuletwa nyingine, kwamba katika jokofu hakukuwa na chupa hata moja ya damu, na kwamba gari la wagonjwa lilikuwa limekaa juu ya mawe, halina matairi. Uwesu alisema angemsukuma hadi hospitali kubwa Upanga.

"Kwa mashimo yale? Hatafika Mnazi Mmoja."

"Basi tufanye nini?"

"Imebaki njia moja. Nitoboe kichwa, maji yatoke, mtoto apite."

"Na mtoto?"

"Atakufa."

"Sasa hivi yu hai?"

Mektilda, ambaye alikuwa ametoka na kile kipembe cha bati cha kusikilizia mapigo bado kimo mkononi, ndiye aliyejibu.

"Moyo unapiga," alisema. "Nimeusikia sasa hivi."

Daktari Gaudens aliijua sheria. Mtu aliyemuua mtoto anayeweza kuzaliwa hai, kabla hajatoka tumboni, alikabiliwa na kifungo cha maisha. Sheria hiyo hiyo ilimwachilia aliyefanya hivyo kwa nia njema, ili kuokoa maisha ya mama na si kwa sababu nyingine. Lakini nia haionekani kwa macho. Ndiyo maana katika hospitali ilikuwa desturi madaktari wawili wakubaliane kwanza. Kanisa lake, kwa upande wake, halikumwachia mlango wowote, na hilo pia alilijua.

Alimpigia simu Daktari Polycarp, mkubwa wake kazini, aliyekuwa akiishi kwenye ghorofa Upanga. Alimweleza yote kwa ufupi. Polycarp alisikiliza, akauliza maswali ya kitabibu, kisha akatoa jibu.

"Fanya. Mimi mwenyewe ningefanya. Lakini sikuja, sikuona, na wewe hukunipigia."

"Mzee, ni mwendo mfupi tu kwa miguu. Njoo umwone kwa macho yako."

"Mvua inanyesha, Gaudens," alisema Polycarp, akakata simu.

Daktari aliporudi ujiani, Uwesu alikuwa amesimama pale pale, akitazama viatu vyake.

"Mwokoe Zamzam," alisema. "Lakini mama yake asiambiwe. Aambiwe mtoto alizaliwa amekufa, basi."

"Atauliza. Heri umwambie wewe mwenyewe."

"Siwezi, daktari. Yule ni mkwe wangu."

"Basi sista atamwambia."

"Sista akimwambia, mama atajua kwamba mimi nilisimama hapa nikajadili tumbo la binti yake. Nitamtazama vipi tena?"

Daktari alimwona kama mtu anayeng'ang'ania kofia wakati nyumba inaungua. Hata hivyo, kubishana kungechukua muda, na muda wenyewe haukuwapo. Alikubali.

Chumbani Mektilda alisimama upande wa kichwa cha Zamzam. Vyombo vilikuwa kwenye sinia, vimechemshwa, vimefunikwa kwa kitambaa cha kijani. Daktari alinyoosha mkono nyuma, kama alivyozoea, apewe chombo. Mkono ulibaki mtupu.

"Nitamshika mama," alisema Mektilda. "Chuma utakichukua mwenyewe, daktari."

Alikichukua mwenyewe. Zamzam alishikwa mabega na kuambiwa avumilie. Mayowe yake yalitoka nje hadi kwenye benchi, ambako Bi Kuruthumu alikuwa akivuta uradi. Maji yalimwagika sakafuni, mengi, yakapita chini ya kitanda na kuingia katika viatu vya daktari. Baada ya hapo mtoto alitoka kwa urahisi. Alikuwa wa kiume. Hakulia. Mektilda alikiweka kipembe kifuani pake, akainama, akasikiliza muda mrefu kuliko ilivyohitajika, kisha akakiweka kando.

Damu ya Zamzam ilianza kutoka na haikukoma. Daktari alifunga, akabana, akakandamiza kwa ngumi, mikono yake ikiwa myekundu hadi viwikoni. Kundi la damu la Uwesu lilipatana na la mkewe. Walimlaza kwenye kitanda cha jirani, wakamtoa chupa moja, na chupa hiyo ya kioo ikatundikwa juu ya Zamzam. Daktari alisema kwamba kama chupa ile ingeingia yote bila kukatika, Zamzam angepona. Kama isingeingia, hakuwa na nyingine.

Mektilda alimshughulikia mtoto. Alishona tundu la kichwani, akazungushia bandeji hadi kwenye nyusi, akamfunga katika shuka ya hospitali na kumpeleka kwenye benchi. Alimwambia Bi Kuruthumu kwamba mtoto alizaliwa amekufa, kwamba Zamzam alihitaji kupumzika bila kuonwa na mtu, na kwamba bandeji ya kichwani isifunguliwe. Bi Kuruthumu alimpokea mjukuu, akamfunika kwa kanga na kwenda zake nyumbani, Mtaa wa Mahiwa, ili azikwe kabla ya magharibi.

Mektilda alikuwa mkunga mzuri. Kwao Peramiho mtoto aliyezaliwa mfu alivikwa nguo nyeupe na kuzikwa kama alivyotoka hospitali. Hakukumbuka kwamba maiti ya Kiislamu huoshwa, na kwamba maji ni lazima yafike kila mahali. Hakujua pia kwamba aliyekuwa akiosha wanawake na watoto waliokufa Mtaa wa Mahiwa, kwa miaka mingi, alikuwa Bi Kuruthumu huyo huyo.

Alimlaza mjukuu kwenye ubao, katika chumba cha uani. Wanawake wawili walimshikia mtungi. Alianza na mikono, akaja kwenye kifua, akaja kwenye miguu. Alifika kwenye bandeji, akaifungua.

Aliona uzi mweusi, kisha tundu. Alipoweka kiganja, mifupa ya kichwa ilisogea chini ya ngozi kama vigae ndani ya mfuko. Maji meupe yalitoka kati ya nyuzi. Aliyafuta kwa pamba, yakatoka tena, naye akadhani ni maji ya mtungi. Mmoja wa wale wanawake aliangusha mtungi ukavunjika. Bi Kuruthumu alitoka uani, mikono inachuruzika, akasema kwa sauti ambayo majirani hawakuwahi kuisikia kwake:

"Wamemtoboa. Wamemtoboa mtoto kichwa."

Aliyemsikia wa kwanza alikuwa Mfaume, mwanawe wa kiume, kaka yake Zamzam. Mfaume aliuza nyama sokoni, na jioni alikuwa mgambo. Siku hiyo alikuwa amevaa sare, ana rungu kiunoni na filimbi shingoni. Aliingia uani, akatazama ubaoni, akatoka. Alipuliza filimbi hadi mishipa ya shingo ikamtoka.

Kariakoo ya miaka ile ilijua maana mbili tu za filimbi ya mgambo: mwizi au mlanguzi. Watu walitoka vyumbani, vilabuni, mlangoni mwa duka la ushirika. Wengine walikuja na mawe, wengine na vikapu.

"Sukari imepatikana wapi?" aliuliza mzee mmoja, akifunga msuli huku anakimbia.

"Sukari gani, babu? Daktari ameua mtoto Gerezani."

"Kwa hiyo sukari hakuna?"

"Hakuna."

"Basi twende kwa daktari," alisema mzee, akaokota jiwe.

Walipita njia ile ile ya mkokoteni, katikati ya madimbwi, na kila njia panda waliongezeka. Mlinzi wa hospitali aliwaona kwa mbali akaruka ukuta wa nyuma. Jiwe la kwanza lilivunja dirisha la chumba cha dawa. Kabati la chupa lilisukumwa likaanguka kifudifudi. Mtu alipiga simu ya mezani kwa nondo hadi ikabaki waya. Mama mmoja aliyekuwa amejifungua asubuhi alitambaa chini ya kitanda na kichanga chake, na watu wakamkanyaga vidole wakimpita.

Uwesu alikuwa kwenye ujia, ameegemea ukuta, kichwa kikimzunguka kwa sababu ya damu aliyotoa. Mfaume alimkamata ukosi wa shati.

"Shemeji, daktari yuko wapi?"

"Mfaume, ngoja nikwambie."

"Ulijua?"

Uwesu aliinamisha kichwa. Mfaume alimpiga rungu la bega, halafu la mbavu. Alipoanguka, wengine waliokuja nyuma walimpiga mateke bila kumjua ni nani. Jino lilimtoka. Mtu alimvua kiatu kimoja akaenda nacho.

Mlango wa chumba cha Zamzam ulivunjwa kwa benchi, lile lile alilokuwa amekalia Bi Kuruthumu. Ndani, chupa ilikuwa imebaki nusu. Daktari Gaudens alikuwa amepiga goti kando ya kitanda, mkono wake wa kulia umekandamiza sindano kwenye mkono wa Zamzam, kwa sababu Zamzam alikuwa akitetemeka na sindano ilitaka kuchomoka. Mektilda alisimama katikati ya njia.

Walimwambia apishe. Hakupisha. Kijana wa duka la baiskeli alimpiga mnyororo usoni, ukachana shavu hadi kwenye midomo. Sista alipoyumba aligonga nguzo ya chupa, nguzo ikaanguka. Mektilda aliidaka chupa kabla haijagusa sakafu. Aliinyanyua juu kwa mikono yote miwili, akasimama hivyo, damu yake ikishuka kifuani na damu ya Uwesu ikiendelea kushuka kwenye mpira.

"Nyanyuka, muuaji," Mfaume alimwambia daktari.

"Nikiachia mkono huu, dada yako atakufa," alisema daktari.

Mfaume alipiga rungu juu ya mkono huo. Mifupa ya vidole ilisikika. Daktari alilia kwa sauti lakini mkono haukutoka mahali pake. Mfaume alipiga tena, hapo hapo. Mkono wa kushoto wa daktari ulikuja juu ya wa kulia, na sindano ilibaki ndani. Mfaume alinyanyua rungu mara ya tatu.

Bi Kuruthumu alikuwa amefika. Alikuja nyuma ya kundi, kanga imefungwa kiunoni, mikono bado ina harufu ya kafuri. Watu walimpisha, kwa sababu aliyefiwa alikuwa yeye, na walitaka aone kazi waliyomfanyia. Uwesu aliburuta mwili wake ukutani hadi mlangoni, akamkuta amesimama hapo. Kwa mara ya kwanza tangu amuoe binti yake, alimtazama usoni.

"Mama," alisema. "Aliyeamua ni mimi."

Bi Kuruthumu aligeuza uso pembeni, kwa mazoea. Uwesu hakunyamaza. Alizungumza na damu mdomoni, mbele ya watu wote, maneno ambayo mkwe hasemi. Alisema kwamba kichwa cha mtoto kilijaa maji kikakwama, na kovu la tumbo la Zamzam lilikuwa linapasuka. Alisema kwamba moyo wa mtoto ulikuwa ukipiga. Aliambiwa, na akajua anachokitaka. Alitaja njia ya uzazi kwa jina lake. Alimtaja Zamzam, mwili wake na damu yake.

"Mtoto alikuwa hai," alisema. "Niliambiwa nichague, nikamchagua Zamzam. Na hiyo chupa ndiyo roho yake. Mwanao ataivunja sasa hivi."

Bi Kuruthumu alitazama viganja vyake.

"Maji," alisema polepole. "Yalikuwa hayaishi."

Alimwendea Mfaume. Hakumsihi. Alimpiga kibao, akamnyang'anya rungu, akampiga nalo gotini. Mfaume alipopiga magoti, mama yake alivuta ile filimbi hadi kamba ikakatika shingoni mwake.

"Toka," alisema. "Dada yako anaingizwa damu hapa. Watoe na wenzako."

Kundi lilirudi nyuma kidogo kidogo. Wale walioondoka na shuka na sabuni za hospitali walizificha chini ya nguo. Bi Kuruthumu alichukua chupa mikononi mwa Mektilda, akaishika juu yeye mwenyewe. Alimwambia mkwewe bila kumtazama:

"Kwa nini hukuniambia pale benchini, Baba Zamda?"

"Ningekuambiaje, mama?"

Bi Kuruthumu aliinyanyua chupa juu zaidi.

"Ungeniambia, ningekataa," alisema. "Ningesema tumwachie Mungu. Na sasa ningekuwa ninaosha wawili."

Chupa iliingia yote.

Daktari Gaudens alifungwa mikono kwa vipande vya mbao na kupelekwa kituo cha polisi, kisha Upanga kutibiwa chini ya ulinzi. Mwanasheria wa serikali alipokea maelezo ya mashahidi na akaamua asimshtaki. Vidole vitatu vya mkono wa kulia havikukunjika tena. Alifundisha wakunga darasani na hakupasua mtu mwingine. Alienda misani kila Jumapili, akakaa benchi la mwisho, na hakupokea komunyo.

Daktari Polycarp aliwaambia polisi kwamba Jumapili ile simu yake ilikuwa mbovu.

Sista Mektilda alishonwa shavu. Aliwaambia polisi yote aliyoyaona, pamoja na kwamba moyo ulikuwa ukipiga na kwamba chuma hakukitoa yeye. Aliendelea na kazi katika hospitali ile ile, na tangu siku hiyo aliwauliza wafiwa namna wanavyozika kabla ya kuwakabidhi mtoto.

Mfaume alivuliwa sare na kufungwa jela kwa kujeruhi. Alipotoka hakurudi Mtaa wa Mahiwa. Aliuza nyama Ilala.

Mzee aliyetafuta sukari alirudi nyumbani na jiwe lake, akalitumia kuzuia mlango.

Bi Kuruthumu alirudi uani asubuhi ya Jumatatu. Alimwosha mjukuu upya, akaifunga bandeji kichwani, akampa jina la marehemu mumewe, na kumkabidhi kwa wanaume wakamzike.

Uwesu alikwenda makaburini na kiatu kimoja. Jioni alimwambia mama mkwe wake shikamoo, na Bi Kuruthumu akaitika marahaba, akamwekea chakula kwenye mkeka aliokalia yeye.

Zamzam alipona. Alipoweza kukaa, alimuuliza mumewe kwa nini wanaume wawili walijadili ujiani na yeye hakuulizwa. Zamzam alimchukua Zamda, akakaa kwa mama yake hadi masika yalipokwisha, kisha akarudi.